Barua kwa Mwanangu: Chevelle au 'Cuda?

Mwanangu mpendwa,

Salamu zimefika, na picha za magari yote mawili ya mnadani nimezitazama. Unauliza lipi linakimbia zaidi, Chevelle SS 454 ya Chevrolet (SS ni toleo la kimichezo, 454 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo) au Hemi 'Cuda, yaani Barracuda ya Plymouth yenye injini iitwayo Hemi, yote ya 1970. Kwa mbio usijisumbue. Chevelle yenye LS6, ile 454 yenye nguvu zaidi, iliandikiwa nguvu farasi 450, Hemi ya Plymouth 425, lakini enzi hizo injini ilipimwa ikiwa juu ya stendi, imevuliwa mizigo yake mingi, na kila kampuni ikaandika ilichopenda. Kwenye robo maili yote huingia sekunde kumi na tatu na ushee. Atakayetangulia ni mwenye mguu mzuri wa klachi. Kona hata sizitaji.

Moyo wangu uko kwa Hemi. Ukifungua boneti unakuta vifuniko vya vali vipana, plagi zimezama katikati yake, na kabureta mbili, moja nyuma ya nyingine. Injini ya kutazamwa hata ikiwa imezimwa! Ila kabureta hizo zisipolingana, gari linakohoa mtaa mzima.

Kwenye bei ndiko kwenye kazi. Hemi 'Cuda zilizotengenezwa mwaka ule hazikufika magari 700, na uchache ndio unaopandisha bei. Chevelle za LS6 zilipita 4,400. Tena alama ya tano ya namba ya chesisi ya 'Cuda, ukihesabu herufi na tarakimu zote, ikiwa R, hiyo ni Hemi tangu kiwandani. Namba ya Chevelle haikwambii hata kama gari lilizaliwa SS. Ndiyo maana mjanja huchukua Chevelle Malibu ya kawaida, akapaka mistari miwili kwenye boneti, akapachika 454, akakuuzia ndoto.

Kwa mfuko wako ni Chevelle, lakini kwanza chungulia mbele ya bloku ya injini, upande wa abiria, yaani kulia. LS6 ya gia za mkono ina mhuri wa CRV, ya otomatiki CRR. Mhuri nao hughushiwa, kwa hiyo nitumie picha ya karibu: nataka kuona mikwaruzo myembamba ya mashine ya kiwanda, si alama za msasa. Muulize pia muuzaji kama ana karatasi ya kiwandani. Mara nyingi hukutwa juu ya tangi la mafuta.

Arubuni usitoe bado. Mama yako anakusalimu, anauliza hilo gari litalala wapi.

Baba yako