Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mji Mkongwe: Msitazame rangi, tazameni mguu wa reli

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe,
Zanzibar.

YAH: RELI ZA ROSHANI, NGAZI NA MAPAA

Assalaam alaykum.

Mheshimiwa, mimi ni fundi seremala. Karakana yangu iko kichochoroni, upande wa Mkunazini, na kinachonilisha ni milango, madirisha na roshani za nyumba kongwe. Siandiki kuilalamikia ofisi yako. Naandika kwa sababu ya kipande cha reli kilicholala karakanani kwangu tangu wiki moja kabla ya Ramadhani.

Reli hiyo ilikuwa juu ya paa la nyumba ya ghorofa tatu, jirani yangu tu. Mama mmoja alikuwa akianika nguo. Akaegemea ili aifikie kamba ya mbali, na reli ikaondoka mbele yake. Yeye alinusurika, alhamdulillahi, kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kitako cha tangi la maji. Reli ikaenda chini pamoja na bonge la plasta, ikatua hatua mbili kutoka kwa muuza kahawa, dele likapinduka. Baadaye watu walicheka, kile kicheko cha watu waliopata fazaa.

Nilipoitwa kutengeneza nyingine, kilichonishtua ni rangi. Ilikuwa mpya, ya kijani, inang'aa, imepakwa kwa ajili ya mfungo na Sikukuu. Lakini pale chuma kilipoingia sakafuni, kilichobaki kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu. Aliyepaka rangi alipita juu ya kutu bila hata kuikwangua.

Mheshimiwa, reli haivunjiki katikati, inang'oka mguuni. Kanuni za Marekani zinataka ihimili pauni 200, yaani kama kilo 90, zikiisukuma kwa juu kwenda upande wowote. Kilo 90 ni mtu mmoja aliyeshiba. Lakini reli ikiwa na kimo cha mita 1, na mguu wake umefungwa kwa bolti mbili zilizoachana sentimita 10, bolti ya ndani huvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 900. Ni hesabu ya mtarimbo, mkono mrefu juu na mfupi chini. Kilo 900 hizo tunamkabidhi nani? Tunaikabidhi chokaa.

Unazijua nyumba zetu kuliko mimi: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Chokaa hukaa vizuri na jiwe lake kwa sababu inapumua, lakini haina nguvu ya kushika bolti inayojipanua ndani ya tundu. Basi mwenye nyumba akiona reli inacheza, anaita fundi aongeze saruji. Saruji inafungia unyevu ukutani, unyevu unaitafuta boriti, na boriti inaoza kimyakimya. Chuma nacho kikishika kutu hunenepa, na kikinenepa ndani ya jiwe hulipasua. Kwa hiyo reli mbovu inabomoa hata ule ukuta uliokuwa ukiishikilia. Ongeza na upepo wetu, ambao una chumvi mwaka mzima, uwe wa kusi au wa kaskazi. Paipu iliyopakwa zinki ni nzuri, ila pale welda alipochomelea zinki imeungua, na kutu huanzia hapohapo. Stenlesi namba 304, ambayo wengi hununua kwa kuwa bei yake ni nafuu, haichelewi kutoka madoa ya kahawia huku kwetu. Ya pwani ni 316. Mteja nikimwambia hivyo ananiona namtafutia gharama.

Sasa nije kwenye jambo lenye utata, maana linatuhusu mimi na wewe. Roshani za kale ni fupi. Mwalimu wangu wa useremala alikuwa akisema zilifanyiwa watu wa kukaa chini, mkeka, mto na kahawa, si watu wa kusimama kupiga picha machweo. Sijui kama historia yote ni hiyo, lakini kuna roshani moja niliyoitengeneza ambayo reli yake ilikuwa na sentimita 70 kutoka sakafuni. Mimi si mrefu, na ilinigusa chini ya mfupa wa nyonga. Kiuno kikishakuwa juu ya reli, reli haimzuii tena mtu. Inampindua.

Wenzetu wana vipimo vyao. Uingereza roshani inatakiwa iwe na kizuizi cha sentimita 110, na penye watoto tufe la sentimita 10 lisipenye popote kati ya vijiti, maana mwili wa mtoto hupita penye upana unaozidi huo kisha kichwa kinakwama. Australia, sakafu ikiwa zaidi ya mita 4 kutoka chini, hairuhusiwi kuwa na kitu cha kukanyagia kwenye kizuizi kati ya sentimita 15 na 76 kutoka sakafuni, mtoto asije akakifanya ngazi. Nikiyatazama maua na miti ya mlalo tunayochonga sisi, naona ngazi tupu. Na hata pasipo nakshi, tunaiweka ngazi kwa mikono yetu: chungu cha asumini pembeni ya reli, ndoo iliyofunikwa, kreti la soda.

Kwenye mapaa yaliyogeuzwa kuwa mikahawa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ya makochi. Mwenye biashara anajenga benchi la mbao lenye mito mizito, analisukuma mpaka kwenye reli ili mgeni aione bahari vizuri. Reli ni mita 1 ukipima kutoka sakafuni. Mgeni anapanda juu ya benchi kupiga picha, na reli ile ile sasa iko magotini. Mkaguzi akija na futi yake atapima kutoka sakafuni na kuandika kwamba pako sawa. Naomba apime kutoka pale watu wanapokanyaga.

Najua jibu ambalo wenye nyumba hutupa sisi mafundi: "Mji huu ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, hatuwezi kugusa roshani." Mara nyingine ni kweli, mara nyingine ni kisingizio cha kutotoa pesa. Roshani ya kuchonga haihitaji kukatwa wala kuinuliwa. Unaiacha kama ilivyo, kisha nyuma yake, upande wa ndani, unasimamisha reli ya pili, nyembamba, ya rangi iliyopoa, inayofika sentimita 110. Mtu aliye chini njiani haioni. Mguu wake haufungwi kwenye plasta. Bolti inapenya mpaka upande wa pili na kufungwa kwa bamba la chuma, au reli inatoka ukuta hadi ukuta bila kuibebesha sakafu mzigo. Na siku ikibidi kuondolewa, inaondoka bila kuacha jeraha kwenye mti wa kale.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni kwamba mchoro wa namna hiyo uwepo ofisini kwenu, umeshapitishwa, mwenye nyumba achukue nakala badala ya kuanza upya kwa kila roshani. Anayetaka kubadili kitu Mji Mkongwe lazima apate kibali chenu, na ndivyo inavyopasa kuwa. Basi kimo cha reli na upana wa nafasi kati ya vijiti viandikwe kwa tarakimu kwenye kibali chenyewe. Neno "salama" peke yake kila fundi analipima kwa jicho lake.

Na ukaguzi ufanyike mara masika yanapokwisha, kabla wageni wa Juni hawajajaa. Hauhitaji mashine. Msumari wa inchi nne unatosha: ukiingia kwa nguvu ya mkono kwenye mti mguuni mwa reli, mti umeoza. Kwa chuma, kwangua rangi pale kinapoingia sakafuni, kisha sukuma. Ikicheza, paa lifungwe siku hiyohiyo.

Liko suala la nani alipe, na hapo sina jibu jepesi. Nyumba nyingi zina wapangaji wanne au watano kwenye ngazi moja. Nyingine ni za wakfu, nyingine za Serikali, nyingine wenyewe wako Muscat au Toronto na anayekusanya kodi ni mpwa. Reli ya ngazi ya pamoja kila mmoja anaishika na hakuna anayeitengeneza. Angalau sheha apewe orodha ya nani anawajibika kwa ngazi ipi, ili nisilazimike kugonga milango mitano kuomba pesa ya bolti.

Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ilianza kutuonya mwaka 2012, sehemu ya veranda yake ilipoanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 ikaanguka vibaya, na watu wawili wakafa. Sisemi iliangushwa na reli. Nasema jengo lile kila mtu alikuwa akilitazama, na bado likaanguka. Paa la jirani yangu hakuna anayelitazama.

Karakana yangu iko wazi kila siku isipokuwa Ijumaa. Reli ile sijaitupa, na wala sijaikwangua. Ukituma mkaguzi, nitaiweka juu ya meza, upande wenye rangi ukiwa juu, kisha nitaigeuza.

Wako mtiifu,

Fundi seremala, Mji Mkongwe