Mwacheni Philippa Foot ashuke kwenye tramu

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu niko chuo cha uuguzi na sijawahi kuwasumbua kwa barua. Ila ile makala yenu kuhusu Philippa Foot, mwanafalsafa wa Oxford, na mchoro wake wa reli imenishinda. Mmemsimulia kwa fumbo moja tu: tramu, yaani gari la abiria la relini, imemshinda dereva; aiache iue watu watano, au aigeuzie njia yenye mtu mmoja? Mmemchora mama wa watu kana kwamba alikaa relini maisha yake yote akihesabu maiti.

Kwanza, yule mtu mnene wa kusukumwa kutoka darajani ili mwili wake uizuie tramu si wake, ni wa Judith Jarvis Thomson, Mmarekani. Foot aliitaja tramu kwa ufupi mwaka 1967, katika makala iliyohusu utoaji mimba, na humo humo akaingia wodini: dawa ni kidogo, mgonjwa mmoja anaihitaji yote, watano wangeweza kugawana. Kuwapa watano tunakubali. Mbona kumuua mtu mmoja ili mwili wake uponye wengine tunakataa? Kwa sababu, alisema, wajibu wa kutomdhuru mtu ni mzito kuliko wa kumsaidia. Mwaka 1977 akaandika juu ya kumwua mgonjwa kwa kumhurumia: huruma ikisema apumzike na mwenyewe bado anataka kuishi, haki inakataza. Haya hamkuyagusa.

Na hamko peke yenu. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi tuliitwa semina ya maadili. Mwezeshaji akawasha projekta, reli ikatokea, tukapigishwa kura nani afe, tukacheka, tukanywa soda, tukasaini posho. Usiku ule ule nikaingia zamu nikamkuta bibi anayesubiri upasuaji, fomu ya ridhaa ina dole gumba lake, maandishi Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza, "Bibi, wamekwambia wanakupasua wapi?" Akasema, "Mwanangu, nimeambiwa nibonyeze hapa, nikabonyeza." Daktari aliyembonyezesha alikuwa semina mchana, tena ndiye aliyebishana kuliko wote kuhusu reli! Foot alifundisha Somerville, chuo kimoja cha Oxford, akafundisha chuo kikuu huko California hadi 1991, na akiwa na miaka 80 akatoa kitabu kinachosema mtu anahitaji fadhila, yaani tabia njema, kama mti unavyohitaji mizizi. Sisi tumebakiza tramu.

Fomu zichapwe Kiswahili, herufi kubwa. Mwezeshaji wa semina aanze kwa kumsomea mgonjwa fomu nzima, mgonjwa aieleze kwa maneno yake, ndipo posho isainiwe. Mchoro wenu wa reli upelekeni kituo cha mwendokasi. Pale watu wana muda wa kuutazama.

Muuguzi,
Morogoro