Chai ya bakwiti isinadiwe kwa wajawazito kama dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme neno kuhusu chai ya bakwiti, ambayo siku hizi inanadiwa kwa wajawazito kuwa ni salama kwa kila mama, kwa hoja moja tu kwamba haina kafeini. Hoja hiyo ni ya kweli, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na yale yanayopachikwa juu yake.

Chai tuliyoizoea, iwe nyeusi au ya kijani, hutokana na majani ya mchai, na kafeini imo ndani ya jani lenyewe tangu shambani. Bakwiti ni mmea mwingine kabisa. Punje zake zenye pembe tatu hukaangwa mpaka zigeuke kahawia na kutoa harufu inayokaribia ya karanga, kisha humiminiwa maji ya moto na kuachwa dakika chache, maji yakawa ya rangi ya dhahabu. Japani, Korea na Uchina kinywaji hiki kimezoeleka sana, na binafsi nakipenda, hasa jioni, kwa kuwa hakimnyimi mtu usingizi. Tofauti na kahawa iliyoondolewa kafeini kiwandani, ambayo bado hubaki na miligramu kadhaa katika kikombe, punje za bakwiti hazikuwa na kafeini ya kuondolewa tangu mwanzo.

Kwa mjamzito jambo hilo si dogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unashauri kwamba mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze, ili kujikinga na hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Uingereza na Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula wao huweka kikomo cha miligramu 200. Kafeini hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye bado hana vimeng'enya vya kuivunja, na mwili wa mama nao huzidi kukawia kuiondoa kadiri mimba inavyokua, kiasi kwamba nusu ya kafeini ambayo kwa kawaida ingetoka mwilini kwa saa 5 hivi huweza kuchukua saa 15 katika miezi ya mwisho. Kikombe kikubwa cha chai nyeusi hukadiriwa kuwa na miligramu 75. Mama anayekunywa vitatu kwa siku amekwisha kuvuka 200 bila hata kuonja kahawa, na akibadilisha viwili kati ya hivyo kwa bakwiti amefanya jambo la maana.

Hata hivyo, ageuze pakiti asome upande wa nyuma. Maneno "bila kafeini" huandikwa mbele kwa herufi kubwa, ilhali viambato hupangwa nyuma kwa herufi za kukodolea macho, na zipo pakiti zinazochanganya bakwiti na chai ya kijani. Yakionekana majani ya chai katika orodha hiyo, kafeini imo, hata kama picha iliyo mbele ni ya punje peke yake.

Linalonisumbua zaidi ni mzio, ambao katika matangazo mengi niliyoyaona hautajwi kabisa. Bakwiti ni miongoni mwa vyakula ambavyo sheria za Japani na Korea Kusini zinalazimisha vitajwe kwenye lebo, kwa sababu mzio wake unaweza kuwa mkali: vipele, midomo kuvimba, pumzi kubana, na kwa wengine shinikizo la damu kushuka ghafla. Mjamzito akishukiwa na shinikizo namna hiyo, hewa ya oksijeni inayomfikia mtoto hupungua pia. Kwa hiyo mama mwenye pumu au aliyewahi kupata mzio wa chakula azungumze kwanza na daktari au mkunga wake, na yule ambaye bakwiti imewahi kumdhuru asiiguse kabisa, hata kwa kuonja. Wanaokwepa gluteni, protini iliyomo katika ngano, nao waelewe kwamba bakwiti si jamii ya ngano na kwa asili haina gluteni, ila inaweza kuchanganyika na ngano kiwandani.

Kisha kuna hizi ahadi za tiba. Inadaiwa kwamba chai hii humpa mama foliki asidi. Punje zenyewe zina kiasi fulani cha folati, yaani vitamini hiyo katika umbo lake la asili, lakini kinachotoka kwenye maji ni kidogo mno kuchukua nafasi ya kidonge chenye miligramu 0.4 za foliki asidi na miligramu 30 hadi 60 za madini chuma anachoshauriwa mjamzito kila siku. Mrija wa neva wa mtoto, utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, na mama aliyeacha vidonge kwa kuitegemea birika hawezi kuzirudisha siku hizo. Aidha, vidonge vya madini chuma vimezwe kwa maji, na chai isubiri saa moja au mbili, kwa kuwa bakwiti nayo ina viasili vinavyoweza kuzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri.

Wengine wameshika rutini, kiasili kilichomo kwa wingi zaidi katika bakwiti chungu, wakatangaza kwamba chai huzuia presha ya mimba. Presha ya mimba hugunduliwa kwa kipimo cha mkononi na cha mkojo kliniki, na mama anayeumwa kichwa sana, anayeona ukungu au kuvimba uso anapaswa kukimbizwa hospitali, si kuongezewa kikombe.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti linapoletewa tangazo la chai hii lidai viambato vyote na tahadhari ya mzio viandikwe kwa herufi zinazosomeka, na tangazo lenye neno "hutibu" au "huzuia" lirudishwe kwa mwenye nalo.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi