Mama abaki mpaka Januari: karatasi tunazohitaji kutoka Muheza

Edmonton, 3 Agosti 2025

Baba, shikamoo.

Sisi huku wazima, na Mama mzima. Dawa ya presha anameza kila asubuhi kama kawaida yake. Tumekubaliana naye abaki na mkamwana wake na mtoto mpaka mwisho wa Januari badala ya kurudi mwezi wa kumi. Linawezekana, ila ruhusa inaombwa Uhamiaji wa Kanada, na karatasi zenye uzito zaidi katika ombi hilo ziko kwako. Ndiyo sababu barua hii ni ndefu.

Nianze na tarehe. Kwenye simu ulisema viza ya Mama inaisha 2030, kwa hiyo hakuna haraka. Viza, Baba, ni ya kufika mlangoni na kupiga hodi. Siku za kukaa zinahesabiwa kuanzia alipokaribishwa ndani. Mama aliingia 12 Aprili, na afisa wa uwanja wa ndege aligonga muhuri bila kuandika tarehe yoyote kando yake. Muhuri mtupu wa namna hiyo ni miezi sita, kwa hiyo siku zake zinakwisha 12 Oktoba. Kama afisa angeandika tarehe kwa mkono, tungefuata hiyo, iwe fupi au ndefu. Wengi wameharibikiwa hapa: wanausoma mwaka ulio kwenye viza, wanatulia, na kumbe wameshapitisha muda.

Uhamiaji wanashauri ombi liwafikie angalau siku 30 kabla ya muda kuisha, yaani 12 Septemba. Sisi tunalenga kulituma kabla ya 31 Agosti. Likishapokelewa ndani ya muda, Mama ataendelea kukaa kihalali kama mgeni hata 12 Oktoba ikipita bila majibu, mradi asitoke Kanada. Kwa hiyo safari yoyote ya kuvuka mpaka, hata ya siku mbili, ingoje.

Ombi linatumwa kwa mtandao, fomu IMM 5708, ada dola 100 za Kanada, na hairudishwi hata wakikataa. Fomu yenyewe ina ukaidi wake. Ukiifungua ndani ya kivinjari unaona ukurasa unaokuambia usubiri, na hautabadilika. Inabidi uipakue kwenye kompyuta, uifungue kwa Adobe Reader, ujaze, kisha ubonyeze kitufe cha kuhakiki mpaka itokee karatasi yenye misimbo ya mistari. Bila hiyo misimbo haijakamilika. Kwa kuwa mimi ndiye nitakayelishughulikia ombi la Mama, tunaambatanisha na fomu IMM 5476 ya kumtaja mwakilishi, ambayo Mama anaitia sahihi yeye mwenyewe.

Sasa yanayokuhusu wewe. Afisa atakayelisoma ombi anatafuta mambo matatu: kwa nini Mama aongezewe muda, nani atamlisha, na je, atarudi? La kwanza na la pili tunayamaliza huku kwa barua ya maelezo, barua ya mwajiri wangu, taarifa ya benki na hati ya makadirio ya kodi. La tatu halithibitishwi na mtu wa Edmonton. Nikiandika kurasa kumi kwamba mama yangu atarudi nyumbani, hilo ni neno la mtoto tu. Karatasi ya pensheni inayoonyesha fedha zinaingia kila mwezi Tanzania, hati ya nyumba yenye jina lake, na barua ya serikali ya kijiji inayosema ana shamba la michungwa na mume anayeishi hapo, hizo ndizo zinazomrudisha.

Naomba basi: taarifa ya pensheni yake kutoka PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, taarifa ya benki ya miezi sita iliyogongwa muhuri wa benki, nakala ya hati ya nyumba, cheti chenu cha ndoa, na barua ya mtendaji wa kijiji yenye tarehe, sahihi na muhuri. Tafadhali, asitokee mtu wa kuingiza fedha nyingi kwenye akaunti ya Mama sasa hivi ili ionekane nono. Fedha iliyoingia juzi tu, isiyojulikana ilikotoka, inatia shaka kuliko akaunti ndogo inayokwenda sawasawa.

Angalieni majina. Pasipoti ina majina matatu, na nakumbuka benki wameandika mawili, tena la mwisho ni lako. Palipo na tofauti, nendeni kwa wakili mkale kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Ni kazi ya asubuhi moja, nayo inazuia swali ambalo hatutapata nafasi ya kulijibu.

Karatasi yoyote ya Kiswahili lazima iende na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa. Najua Mjomba amefundisha Kiingereza miaka yote na angefanya vizuri, lakini sheria yao inakataa tafsiri ya ndugu: mzazi, mtoto, mume, kaka, shangazi, mjomba, hata binamu. Pelekeni BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, au kwa mfasiri mwingine asiye wa ukoo, naye aape mbele ya kamishna wa viapo kwamba tafsiri ni sahihi. Nakala ya karatasi ya Kiswahili iambatane na tafsiri yake. Tafsiri ikienda peke yake ni bure.

Mdogo wangu azipeleke steshenari zikaskaniwe, si kupigwa picha juu ya kitanda huku kivuli cha mkono kimekatisha muhuri. Kila hati iwe faili moja la PDF, kurasa zote kwa mpangilio, kwa sababu kwenye mfumo wao kila nafasi inapokea faili moja tu lisilozidi megabaiti 4. Akizituma kwa WhatsApp azitume kama hati, maana zikija kama picha zinapunguzwa ubora na maandishi ya muhuri yanafutika.

Katika barua ya maelezo tutasema kweli tupu: mkamwana alijifungua kwa upasuaji, Mama yuko na familia, hapokei mshahara, atarudi 31 Januari. Anayebainika kudanganya anafungiwa miaka mitano, kwa hiyo asitokee wa kutushauri kupamba. Tunaomba tarehe hiyo hasa wala si miezi sita kwa mazoea, kwa kuwa muda usio na sababu unauliziwa. Kwa vile jumla itapita miezi sita, Mama anaweza kuagizwa kupimwa afya kwa daktari aliyeidhinishwa nao. Akiagizwa, usishtuke, ni utaratibu.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni bima. Mgeni hatibiwi kwa bima ya mkoa, na usiku mmoja wa hospitali unaweza kula akiba ya mwaka. Bima yake ya safari tutaiongeza kabla haijaisha, kwa sababu ukinunua mpya baada ya pengo, mara nyingi kuna siku za kungoja kabla haijaanza kulipa. Halafu bima nyingi zinataka presha iwe imetulia kwa miezi kadhaa, na kubadilishiwa dozi tu kunahesabika kuwa haijatulia. Kwa hiyo daktari wake wa Muheza akipiga simu kutaka kubadili dawa, aongee na mimi kwanza.

Wakikubali, watatoa hati ya mgeni yenye tarehe mpya. Hiyo si viza wala haimrudishi mtu akishatoka. Ni ya kukaa tu. Wakikataa baada ya 12 Oktoba, kuna siku 90 za kuomba kurudishiwa hadhi ya mgeni, kwa ada inayozidi dola 200 na bila uhakika. Mimi naona ikifika huko ni heri tukate tiketi arudi, apate kuja tena kwa heshima. Safari ijayo tutamwombea viza maalumu ya wazazi, ambayo inaombwa akiwa nje ya Kanada na inaruhusu kukaa hadi miaka mitano kila anapoingia.

Karatasi zinifikie ifikapo 20 Agosti. Mama anakusalimu, na anauliza kama wachumaji wa machungwa wamelipwa.

Mwanao.