Mpinzani wa mchezo ule ni mama

Bwana Mhariri,

Wiki iliyopita mwandishi wenu aliusifu mchezo wa vijana wa parokia yetu hapa Katuba. Namshukuru kwa kuja, maana ukumbi ulikuwa na joto na umeme ulikatika mara mbili. Ila ameandika kwamba mhusika mkuu ni mjane, na mpinzani wake ni baba mdogo anayekuja kunyang'anya lupango, yaani kiwanja chenye nyumba yao. Hapo sikubaliani naye, na nguo za mchezo ule nilizishona mimi.

Baba mdogo nilimshonea koti la kumpwaya mabega, watu wacheke. Tangu enzi za Mufwankolo, mchekeshaji wetu wa jukwaani, sisi wa Lubumbashi tunapenda kucheka ukumbini. Mzee anagonga fimbo chini, anahesabu viti vya marehemu, anakula bukari (ugali) ya kilio kuliko wote. Mbaya ni mbaya. Lakini anatokea mara mbili tu, na mara ya pili binti mkubwa wa mjane anamkumbusha kwamba sheria ya familia ya 1987 inawaweka watoto kundi la kwanza la warithi, na ndugu wa marehemu kundi la pili. Mzee anavaa kofia yake, anaondoka. Mpinzani gani anashindwa kabla ya mapumziko?

Mhusika mkuu ni mwenye kutaka kitu, na mpinzani ni anayemzuia. Mwenye kutaka kitu ni yule binti. Anataka karatasi za lupango zitolewe, majina yake na ya wadogo zake yaandikwe. Kila anapojaribu, anayemfungia njia ni mama yake mzazi. Mama hataki kesi, hataki jamaa ya bwana wake ikasirike. Tena anaogopa (linasemwa mara moja, kwa sauti ya chini) kwamba jina lake yeye halimo katika karatasi zile. Anampenda mwanawe, na anamzuia. Waigizaji wenyewe walilijua hilo: waliniomba niweke mfuko wa ndani kwenye kitenge cha mama, wa kuficha ufunguo wa sanduku. Kwa koti la baba mdogo hawakuomba mfuko wowote.

Nilipokuwa kwa masista tulisoma Antigone, mchezo wa kale wa Mgiriki Sophocles. Darasa zima lilimtukana mfalme Creon. Sista akauliza: huyu Antigone anataka nini? Kumzika kaka yake. Nani anakataza? Mjomba wake, kaka wa mama yake. Je, ni mwizi? Hapana, anashika amri yake ya mji, maana marehemu alikuja na jeshi kuushambulia. Tulikuwa Wabemba wengi katika darasa lile, na kwetu mjomba ana neno zito katika ukoo. Tulinyamaza. Tangu siku hiyo nikiangalia mchezo sianzi kutafuta mwenye roho mbaya.

Jirani yangu anasema mama hawezi kuwa mpinzani kwa sababu analia. Analia vizuri, kweli, kitambaa chake nimekifua mimi.

Jumapili wanarudia. Mwandishi wenu akae mbele, upande wa kushoto, aangalie mkono wa mama kila binti anapotaja karatasi. Mfuko uko kiunoni, chini ya mkunjo wa kitenge.

Mama fundi cherehani,
Katuba, Lubumbashi