Enzi zile wapo waliojua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe sentensi moja iliyomo katika makala mliyochapisha kuhusu saratani ya mapafu. Mwandishi alieleza kwamba wazee wetu walivuta sigara kwa kuwa enzi zile hakuna aliyejua madhara yake. Marehemu baba yangu, aliyeanza kuvuta mwaka 1961 na ambaye saratani hiyo ndiyo iliyomwondoa, kweli hakujua. Wapo waliojua.

Mwaka 1950 watafiti Ernst Wynder na Evarts Graham wa Marekani, na Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza, walichapisha tafiti mbali mbali zilizofikia jibu moja: kwamba sigara inahusiana na saratani ya mapafu. Doll alianza kazi hiyo akishuku zaidi lami ya barabarani. Katika hospitali za London yeye na Hill walichunguza habari za wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, na wasiovuta kati yao walikuwa 2 tu. Katika wanaume wengine 649 wenye maradhi tofauti, wasiovuta walikuwa 27. Hesabu hiyo yaonyesha pia kwa nini jambo lenyewe lilichelewa kutambuliwa: karibu kila mwanamume alivuta, na ni vigumu kukishuku kitu kinachofanywa na wote. Doll aliiacha sigara utafiti ukiwa bado unaendelea. Graham, bingwa wa upasuaji wa mapafu, alichelewa kuiacha, na saratani ya mapafu ikamuua mwaka 1957.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya niandike kwa Mhariri wa gazeti badala ya kuandika kwa daktari. Desemba 1953 wakuu wa kampuni kubwa za sigara za Marekani walikutana New York wakaikodi Hill and Knowlton, kampuni ya kusafisha sura za wateja wake mbele ya umma, na tarehe 4 Januari 1954 tangazo lao la kulipia likatoka katika magazeti zaidi ya 400. Walisema kwamba wanaamini bidhaa zao hazidhuru afya, kwamba wataalamu hawajaafikiana, na kwamba wao wenyewe watagharimia utafiti. Tangu hapo, kila ushahidi mpya ulipotoka, waandishi wengi waliona kuwa haki ni kumpa na msemaji wa kampuni nafasi yake, na msomaji akalikunja gazeti akidhani pande mbili zina uzito sawa. Tarehe 11 Januari 1964 Luther Terry, Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, alitangaza kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume; hata hivyo, miaka 5 baadaye waraka wa ndani wa kampuni ya sigara ya Brown & Williamson uliandika bila kificho kwamba bidhaa yao ni shaka, yaani kuutia umma mashaka. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa Washington alihukumu kwamba kampuni hizo ziliudanganya umma kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo baba yangu aliwasha sigara yake ya kwanza miaka 11 baada ya tafiti zile na miaka 7 baada ya tangazo lile. Hakuwahi kuliona tangazo hilo, wala hakusoma majarida ya madaktari. Kilichomfikia ni pakiti ya sigara isiyokuwa na neno hata moja la tahadhari. Mtu anaponiambia kwamba enzi zile hakuna aliyejua, nasikia kana kwamba ugonjwa wake ulikuwa bahati mbaya tu, na hilo siwezi kulinyamazia.

Naomba sentensi ile isahihishwe katika toleo lijalo, isomeke kwamba wavutaji hawakuambiwa, na mwaka 1950 utajwe.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Morogoro