Ngao sio kombe, na wala sio Kiarabu

Mhariri, salaam kutoka Ngamiani, Tanga. Mi ni mchora vibao, ile kazi ya kuandika majina ya maduka kwa brashi, sa hivi mashine za kuprinti zimetubana lakini riziki haikosi. Nawaandikia kwa sababu ya ukurasa wenu wa michezo, kila ligi ikikaribia kuanza utakuta "kombe la Ngao ya Jamii", jamani kombe la ngao ndo nini, ni sawa na kusema sufuria la sinia. Agosti 2023 hiyo Ngao ililetwa hapa hapa kwetu Mkwakwani, Simba na Yanga wakatoka bila bila alafu Simba akashinda kwa penati 3-1, yule kipa Ally Salim kapangua tatu (mi Yanga, niishie hapo), na mtaani usiku ule watu walikua wanaimba wamebeba ngao, sikusikia mtu kasema kombe. Hata Uingereza tulikoiga mambo haya walianza na ngao 1908, ikiitwa Ngao ya Hisani, jina la Jamii limekuja 2002, kilichobadilika ni hisani, ngao wameiacha palepale.

Sasa juzi kaja kijana anataka nembo ya timu ya mtaani kwao, ananambia "mzee nichoree shildi, ndani weka mpira na papa". Nkamwambia sema ngao mwanangu. Akajibu ngao ni Kiarabu cha zamani, bora shildi inaeleweka. Nliweka brashi chini. Pale barazani kwetu kwenye kahawa jioni tulilijadili mpaka kashata zikaisha, na mi nashikilia hivi: cha Kiarabu ni deraya, lile vazi la chuma la vitani, ngao ni yetu sisi Wabantu. Mganda anaiita engabo. Mnyarwanda ni ingabo, na kwake neno hilohilo ndo jeshi, yani askari na ngao yake ni kitu kimoja. Utauliza mbona wao wana b sisi hatuna, sikiliza, Mganda anasema kugaba sisi tunasema kugawa, b yao kwetu inalainika inakua w, na w ikikutana na o inamezwa kabisa, ngabo, ngawo, ngao. Kuna mzee mmoja pale, mgosi wa Lushoto, alinyamaza kidogo akasema haya leo umenibana.

Alafu hiyo shildi yenyewe anayoiona ya kisasa. Wachunguzi wa maneno wengi wanaipeleka kwenye mzizi wa kupasua, manake ngao za Waingereza wa kale zilikua mbao, gogo limepasuliwa ukapata ubao ukajikinga nao. Kwa hiyo shildi ni ubao tu! Na Mjerumani, aliyekua na mji huu wa Tanga mpaka 1916, yeye anasema Schild, ukiitaja kwa jinsia ya kiume ni ngao, ukiigeuza jinsia ile isiyo ya kiume wala ya kike ni kibao cha dukani. Nilipolijua hilo nlicheka peke yangu, miaka yote nachora vibao kumbe kwa Mjerumani mi ni fundi ngao. Mreno nae ngao yake ni escudo, akaigonga kwenye sarafu mpaka pesa ikachukua jina, wenzetu Msumbiji walitumia escudo mpaka 1980 ndo wakaja na metikali.

Kwenye Biblia pia, ile ngao ya imani ya Waefeso, neno la Kigiriki lililotumika pale limetoka kwenye neno la mlango, manake ilikua ngao ndefu ya kumfunika mtu kama mlango. Na sisi Waswahili wa pwani uso wa nyumba tunauita ngao, ule upande wa mbele wenye mlango, vijana wanaojenga kwa tofali za simenti hawalijui hilo.

Na mtu asinambie ngao imepitwa na wakati wakati iko katikati ya nembo yetu ya taifa, ndani yake mwenge, bendera, jembe na shoka, mkuki na mawimbi ya bahari. Wakenya wameiweka kwenye bendera kabisa, ile ya Kimasai, ambayo asili yake ni ngozi ya nyati.

Kwa hiyo Mhariri mwambie mwandishi wako msimu ukianza aandike Ngao ya Jamii basi, hilo kombe alifute. Yule kijana nimemchorea ngao yake nyekundu, papa katoka vizuri hasa meno, nusu kalipa, nusu kasema Ijumaa.

Fundi vibao,
Ngamiani, Tanga